Bwana Mifugo na Woga Uliochelewa

Nilimjua kwa koti lake kuliko kwa kitu kingine chochote. Lilikuwa koti la kaki, la serikali, lenye mifuko minne, na kila mwaka lilikuja kwenye cherehani yangu mara mbili au tatu likiwa limechanika mahali papya. Pembe, miiba, msumari wa geti la mnada. Alikuwa akiliweka juu ya meza, anakaa kwenye benchi la wateja, anasema, "Binti, liokoe tena." Hakuwahi kununua jingine. Siku nilipomwambia kwamba viraka vyangu sasa vimezidi kitambaa cha mwanzo, alinijibu kwamba ng'ombe wote wa Ikungi wanalijua koti hilo, na akiwaendea na jipya itambidi ajitambulishe upya.

Watu walimwita Bwana Mifugo. Amestaafu siku nyingi, na baada yake wamepita maofisa mifugo wengine watatu au wanne, vijana wenye digrii na pikipiki nzuri, lakini ukisema Bwana Mifugo kuanzia Ikungi mpaka Sepuka hakuna anayekuuliza yupi. Jina lake nalijua. Sitaliandika, kwa kuwa mwenyewe alizoea kusema jina lake ni la kwenye hati ya mshahara tu.

Niseme mapema kwa nini namwandika, nisionekane nazunguka. Mimi ndiye yule msichana aliyeshika geti la josho. Wa kwetu wanaelewa nikisema hivyo. Wasionijua inabidi niwaeleze, na nimechoka kueleza, lakini nitaeleza mara hii.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu, kaka yangu kumi na sita. Josho la kijiji chetu lilikuwa shimo refu la zege lililojaa maji ya dawa ya kupe. Ng'ombe anaruka kuingia upande mmoja, anaogelea, anatokea upande wa pili akipenga maji puani. Kabla ya kufika kwenye maji anapita njia nyembamba yenye uzio wa miti kushoto na kulia, na nyuma ya njia hiyo kuna geti. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kuvuta kamba ili geti likae limefungwa, walioingia wasirudi, na walio nje wasisukume. Bwana Mifugo alikuwa na sheria yake: atangulie jike mzee aliyezoea maji, wengine watamfuata. Ila wiki ile baba alikuwa amenunua dume mnadani, dume mwekundu mwenye nundu kubwa, na kwetu mwenye dume jipya anataka aonekane akitangulia, watu waliokaa juu ya mawe wapate la kusema. Bwana Mifugo alikuwa upande wa pili akipima dawa. Baba akaamuru dume atangulie, na kaka akaingia nyuma yake na fimbo.

Dume alifika ukingoni, akanusa dawa, akaona maji, akasimama. Halafu akaanza kurudi nyuma. Kaka alikuwa katikati, kati ya dume na geti. Aliniita kwa jina. Nilichotakiwa kufanya ni kuachia kamba tu. Geti lingefunguka na yeye angetoka. Sikuachia. Nilisikia jina langu, nikaona kila kitu, hata leo naweza kusema nzi walikuwa wametua wapi kwenye mgongo wa yule dume, na mikono yangu ikazidi kukaza. Mguu wa kaka ulivunjika mahali pawili, kwenye nguzo ya geti.

Bwana Mifugo aliruka uzio, akavua koti, akamfunika dume macho. Dume akatulia pale pale. Walipokwisha kumtoa kaka, alinijia mimi. Alijaribu kunikunjua vidole, vikakataa, kwa hiyo akatoa kisu akaikata kamba kushoto na kulia kwa mikono yangu. Nilikwenda nyumbani na kipande cha kamba ndani ya ngumi. Mama alinikunjua jioni kwa maji ya moto.

Kaka alirudi kutoka hospitali na mguu mfupi, na mimi nikapata sifa ya woga. Mwaka uliofuata nilifaulu kwenda sekondari, shule ya bweni, na baba akasema hapana: mtu asiyeweza kufungua geti ndugu yake akifa atawezaje kukaa na watu baki. Ndiyo maana nilijifunza kushona. Kaka mwenyewe hakuwahi kunigombeza. Alifanya utani. Kwenye kila harusi ya ukoo, watu wakipangiana kazi, alisema, "Huyu dada yangu mpeni chochote, ila geti msimpe." Watu walicheka, nami nikacheka, miaka yote hiyo, mpaka mashavu yakazoea kucheka bila mimi.

Sasa nirudi kwa mwenye koti.

Asubuhi na mapema, kabla ya kwenda vijijini, Bwana Mifugo alikuwa machinjioni akikagua nyama na kugonga muhuri. Hapo ndipo alipokuwa na shule yake. Kila aliyesimama karibu, awe mchinjaji, mnunuzi wa utumbo au mwalimu aliyefuata maini, alionyeshwa figo, na juu ya figo kitu kidogo cha rangi ya kahawia ambacho wengi tulikuwa tunakitupa pamoja na mafuta. "Hii ndiyo inayomwaga," alisema. "Mnyama akiogopa, hii inamwaga dawa kwenye damu. Moyo unakimbia, damu inakwenda miguuni, tumbo linafungwa. Hajaamua bado. Dawa imeshatangulia." Alikuwa anaamini kabisa kwamba watu wakikiona kitu chenyewe, kikiwa bado cha moto kiganjani mwake, wataacha kutukanana kwa ajili ya woga. Wengi walikiona, wakasema ahaa, wakaenda kutukanana.

Wachinjaji hawakumpenda. Alikataza kuchinja ng'ombe siku hiyo hiyo aliyotoka mnadani. Lazima alale, apewe maji, asipigwe. Alisema ng'ombe aliyekaa na hofu siku nzima nyama yake inakuwa nyeusi na kavu na haikai, na kweli alituonyesha mapande mawili yaliyotundikwa, moja jekundu na jingine la rangi ya kunde zilizoungua. Mchinjaji mmoja, mtu wa matusi, alimwambia, "Bwana Mifugo, wewe unataka tuwaimbie ng'ombe kabla ya kuwachinja." Akajibu kwamba kuimba si lazima, kunyamaza kunatosha. Tangu hapo yule mchinjaji alipomwona anakuja aliweka kidole mdomoni, na wenzake wote wakanyamaza kama kanisani. Yeye aliona ni heshima. Sijui kama alijua anachekwa. Nadhani alijua, ila hakujali ilimradi ng'ombe wametulia.

Alikuwa akisema ng'ombe wapo wa namna tatu mbele ya hofu, na kwamba utawajua wakiwa bado ndama. Kuna wa kukimbia, kuna wa kupiga, na kuna wa kusimama. Wa kukimbia na wa kupiga wanaeleweka. Wa kusimama ndiye anayepigwa fimbo kila siku, kwa sababu mwenye ng'ombe anadhani ni mkaidi. Anavutwa, anasukumwa, anakunjwa mkia, wala haendi. "Yeye ndiye anayeogopa kuliko wote," aliniambia siku moja, akinyoosha mkono wa koti ili nipime kiraka. "Mwili wake umefunga kila mlango. Unampiga ili iweje?" Nilikuwa na pini mdomoni, nikaendelea kupima. Alijua, nami nilijua, kwamba hatuzungumzii ng'ombe.

Juma lile la ajali alikuja nyumbani kuzungumza na baba. Mimi nilikuwa jikoni nasikia. Alieleza habari za tezi ya juu ya figo, akaeleza namna tatu, akasema msichana huyu ni wa kusimama, hakuchagua, msimwadhibu kwa jambo ambalo mikono yake ilifanya bila yeye. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kwa sababu alikuwa mtu wa serikali. Kisha akasema, "Nashukuru, Bwana Mifugo. Lakini mwanangu si ng'ombe." Yakaishia hapo. Nilimwona akitoka akiwa ametupia begani koti lililochanika. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kumpenda, japo kwa muda mrefu nilimkasirikia pia, kwa kuwa kama mfano wake ungekuwa mwingine, labda baba angeelewa.

Watu aliwasoma kwa jicho hilo hilo. Kulikuwa na msiba mmoja upande wa Sepuka, nami nilikuwepo, ambapo moshi wa jikoni uliwachokoza nyuki waliokuwa kwenye pango la jiwe lililo nyuma ya nyumba. Nyuki wa kwetu hawatanii. Mwenyekiti wa kijiji, aliyekuwa katikati ya hotuba ya kumsifu marehemu kwa ushujaa, alikimbia akaacha kiatu kimoja, kofia, na karatasi ya hotuba. Kijana mmoja wa kwaya alibaki akiwapiga nyuki kwa kiti cha plastiki. Mama mmoja alikaa kwenye mkeka wake, kimya, macho wazi, wakamuuma usoni mara nisizoweza kuhesabu, mpaka Bwana Mifugo alipomfunika kwa turubai na kumvuta ndani. Baada ya hapo kijiji kilimcheka mwenyekiti mwezi mzima. Bwana Mifugo hakucheka. Alimpelekea kiatu chake nyumbani kikiwa kimefungwa kwenye gazeti, ili watu wasione amebeba nini, akamwambia, "Miguu yako ilipata habari kabla yako, basi." Mwenyekiti ndiye aliyenisimulia, miaka baadaye, akiwa anapunguziwa kiuno cha suruali.

Na Bwana Mifugo mwenyewe je? Watu walimwita shujaa, akakataa. Alikataa kwa hasira kabisa. Mkewe ndiye aliyenieleza siri. Mkewe alikuwa mwanamke mfupi, mcheshi, muuza mafuta ya alizeti, na hakuona sababu ya kumficha mume wake kwa mtu yeyote. "Mume wangu ana woga kama wewe," aliniambia, "ila wake unachelewa. Unakuja na gari la jioni." Siku ile ya josho, alisema, mumewe aliingia nyumbani vizuri, akanawa, akala ugali wa uwele na mlenda, akasimulia habari ya mguu wa kaka kama mtu anayesoma barua. Saa mbili baadaye alikuwa nyuma ya nyumba anatapika, meno yanagongana, anaomba ashikwe mikono. Ikawa hivyo kila mara: fisi, moto wa pori, dume, nyuki. Wakati wenyewe alikuwa mtulivu. Hofu ilimfuata polepole, ikamkuta nyumbani, na mkewe ndiye aliyeipokea.

"Mimi nimeumbwa na kasoro," alisema mwenyewe nilipomuuliza. "Dawa yangu inachelewa kumwagika. Sasa mtu asifiwe kwa kuchelewa?" Kisha akanionya nisilisimulie, nami sikulisimulia mpaka leo.

Asije mtu akadhani alikuwa mtu aliyekamilika. Mwanamume huyu aliyechoma sindano ng'ombe wa tarafa nzima aliogopa sindano. Ilipoletwa chanjo ya watu alipanga foleni vizuri, akatoa mzaha, akakunja mkono wa shati, na muuguzi alipochukua pamba alikuta kiti kitupu. Walimkuta kwenye zizi la jirani anakagua mbuzi ambao hakuna aliyemwomba awakague. Watoto walipomzomea alisema kwa uzito kwamba mbuzi wale walikuwa na dalili. Alikuwa pia mwepesi wa ukali. Kijana wake wa mwisho alikuwa mtu wa kushtuka, na Bwana Mifugo hakumvumilia hata kidogo; ng'ombe wa kushtuka alimbembeleza nusu saa, lakini mwanawe alimfukuza kwa kumwambia, "Toka hapa, unawatia hofu wanyama." Nilimsikia akisema hivyo mbele ya watu. Kijana alikwenda kuishi mbali na haji mara nyingi. Nikamwambia Bwana Mifugo, "Baba, kwa nini usimwambie yale ya tezi?" Akasema, "Ya nyumbani hayaonekani vizuri."

Lakini lililonisumbua kuliko yote ni la mkewe.

Mkewe aliugua tumbo, akakonda, wakazunguka naye hospitali mpaka Singida Mjini na kwingine, kisha wakarudishwa nyumbani. Wiki tatu za mwisho mimi nilikwenda kulala pale, kwa sababu alikuwa rafiki yangu kuliko alivyokuwa mteja. Nilimwosha, nilimgeuza, nilimpa uji kwa kijiko. Mikono yangu haikukaza hata mara moja. Nililigundua hilo usiku mmoja na nikakaa nalishangaa. Bwana Mifugo hakuingia chumbani. Alikuwa zizini. Alijenga upya ukuta wa zizi ambao haukuwa na ubaya wowote, akakata kwato za mbuzi wote, akazikata tena. Mkewe alimuulizia kila asubuhi. Nilikwenda kumwambia, "Anakuita." Alijibu, "Nakuja," akainama kwenye kwato. Siku ya mwisho nilimfuata mara tatu. Mara ya tatu sikumwambia kitu, nilisimama tu nikamtazama, naye hakuinua uso. Mkewe alifia mikononi mwangu, akiwa ametazama mlangoni.

Baada ya arobaini alileta koti. Nililiacha mezani bila kulishika. Nilikuwa na hasira, lakini nilitaka pia kumlipa wema wake, kwa hiyo nikamwambia yale yale aliyomwambia baba: kwamba hakuchagua, kwamba kuna wa kusimama, kwamba mwili ulifunga milango. Nilidhani nampa zawadi. Aliniangalia kwa macho mekundu, akasema, "Usinitetee. Mimi nilikuwa na wiki tatu. Wewe ulikuwa na pumzi mbili." Akachukua koti lake bila kushonwa, akaondoka. Alisamehe kila kiumbe kwa ile tezi yake, isipokuwa mwanawe na nafsi yake. Nimelifikiria sana hilo na sijalimaliza.

Baada ya hapo tulionana mara chache. Alistaafu, akahamia shambani kwake karibu na Sepuka, akaishi na mkwewe, mke wa mwanawe mkubwa. Nilisikia anatetemeka. Nilisikia uso umekuwa mgumu, hacheki, na mwandiko wake umekuwa mdogo kiasi cha kutosomeka. Wengine walisema amerogwa na wachinjaji. Mwaka huu, mwezi wa kuvuna alizeti, mkwewe alinipigia simu. "Mzee anakuomba uje," alisema. "Anasema uje na yule wa mguu."

Kaka yangu ana duka la vipuri vya baiskeli na pikipiki Singida Mjini. Sikutegemea akubali. Alikubali haraka mno, kama aliyekuwa anaogopa nikimwachia muda atakataa. Tulikutana Ikungi tukaenda pamoja, naye na fimbo yake, tukizungumza habari za bei za matairi.

Tulimkuta Bwana Mifugo ndani. Mkwewe alitukalisha ukumbini, akaenda kumwita chumbani. Alitoka taratibu, kwa hatua fupi, mkono mmoja ukitetemeka juu ya paja, na alipofika kwenye mlango wa kuingia ukumbini akasimama. Hakuna kilichomzuia. Mlango ulikuwa wazi, sakafu imefagiwa. Alisimama tu, kisigino kimoja kimeinuka, mwili umeinama mbele, na miguu haiji. Tukasema, "Shikamoo," akajibu, "Marahaba," kwa sauti ndogo, akabaki pale pale. Mkwewe akasema kwa utulivu wa mtu anayefanya hivyo kila siku, "Msimvute. Akivutwa anaanguka."

Kaka alikuwa ameketi karibu zaidi. Niliona anamtazama miguu. Alimtazama hivyo kwa muda ambao ulianza kunitia aibu.

"Baba, nini kinakuzuia?" akauliza.

"Hakuna," alisema Bwana Mifugo. "Naujua mlango. Nataka kupita. Amri natoa, haifiki."

"Na ukijilazimisha?"

"Nikijilazimisha ndiyo inafunga zaidi."

Mkwewe alisema kuna njia: ukimwekea kitu chini mbele ya miguu, cha kuvuka, ataweza. Mara nyingi anamwekea mwiko. Kaka akainama, akailaza fimbo yake sakafuni, kwenye kizingiti. Mzee akaitazama fimbo, akainua mguu, akaivuka, na hapo akatembea vizuri mpaka kwenye kiti kama mtu mwingine kabisa. Kaka alibaki amesimama kwa mguu mmoja, ameshika fremu ya mlango.

Alitueleza ugonjwa wake kwa raha, kama alivyokuwa akieleza figo. Daktari amemwambia kuna kemikali ya ubongo imepungua, ile inayopeleka amri kwenye mwili, na vidonge vinaijazia kidogo kwa saa chache. Na si miguu tu; tangu ipungue amekuwa mwoga. Anaogopa jioni. Anaogopa sauti ya pikipiki, anaogopa jogoo akiruka. "Sasa woga wangu unakuja kwa wakati," alisema, na uso ule mgumu haukucheka, ila macho yalicheka. "Na mimi nilikosea, watoto wangu. Niliwaonyesha watu figo miaka yote. Tezi ni bomba tu. Anayefungua bomba yuko huku juu." Akajigusa paji la uso kwa mkono unaotetemeka. "Kila mtu na wake, na hakuna aliyejichagulia."

Kisha akamgeukia kaka. "Nilikuita nikwambie jambo nililomwambia baba yako akakataa. Sikuwahi kukwambia wewe, na ndiwe uliyevunjika. Dada yako siku ile alikuwa kama mimi hapo mlangoni sasa hivi. Umeniona?"

"Nimekuona," kaka akasema.

"Basi ndilo hilo tu."

Tulikunywa chai. Mzee alichoka upesi, tukamuaga. Hakuinuka kutusindikiza. Alinishika mkono kwa muda, akasema mkewe alikuwa anapenda nilivyokuwa nikishona vifungo, havidondoki. Sijamwona tena tangu siku hiyo, ingawa mkwewe anasema yupo, anakula.

Tulisubiri gari kando ya barabara, tumekaa juu ya magunia ya alizeti ya mtu. Upepo ulikuwa mkali. Kaka alikuwa anachora mchanga kwa fimbo.

"Nina jambo," alisema.

"Sema."

"Ule uzio wa josho. Ulikuwa unanifika kifuani."

Sikuelewa. Nikamwambia kwamba sielewi.

"Nilikuwa naukalia kila siku ya josho. Kuuruka ilikuwa kazi ndogo, kuliko kupanda baiskeli. Yule dume alipoanza kurudi nyuma nilimwona. Nilikuwa na muda wa kuruka, nisimame upande wa pili, nimcheke." Akafuta mchoro kwa kiatu. "Sikuruka. Nilisimama pale nakuita wewe. Miguu ilikataa."

"Umejua hilo muda gani?"

"Siku zote. Tangu hospitali. Baba alikuja akasema mwoga ni wewe, mimi nikanyamaza. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nilikuwa mwanamume. Mwoga ukawa wewe tu."

Nilifikiria shule. Nilimfikiria baba, aliyekufa akijua ni mimi. Nilifikiria harusi zote na vicheko vyote, na nikatafuta hasira nikaikuta ipo, lakini iko mbali na mimi sina nguvu ya kuifuata.

"Umekasirika?" akauliza.

"Nimechoka, kaka."

"Niwaambie watu?"

"Watu gani? Waliokuwa wanacheka nusu wamekufa."

Gari lilitokea kwenye kona na vumbi lake, likapunguza mwendo. Ngazi yake ya kwanza ilikuwa juu. Nilisimama, nikamshika kaka kiwiko kama ninavyomshika siku zote, nikamwinua, kwa sababu mguu ulikuwa bado ule ule, ukweli usemwe usisemwe, na dereva hakuwa na nia ya kutusubiri.